Muda ninao, nafasi sina: pesa, saa za kupumzika na kuridhika na maisha

Mama yangu anakaa Busia, upande wetu wa Uganda, mimi niko Kampala mwaka wa kumi sasa. Juzi alinipigia kuuliza nakuja lini, nikamjibu vile tunavyojibu wote, "Mama, saa hizi sina nafasi." Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Nafasi gani mwanangu, ya muda au ya nauli?"

Nilicheka lakini jibu sikuwa nalo, kwa sababu ukweli wiki ile muda ulikuwepo wa kumwaga, kazi ilikuwa imelala kabisa, mimi nina kaduka kadogo ka kuchapisha pale Nasser Road na nilikuwa nashinda napangusa mashine tu, kilichokosekana ni pesa, maana huwezi kushuka Busia mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa. Na miezi michache kabla ilikuwa kinyume chake, msimu wa kampeni, kila mtu anataka mabango yake yatoke leo leo, pesa inaingia, nalala saa nane ya usiku, hata simu ya mama naiangalia inaita mpaka inakata. Wakati ule pia nilisema sina nafasi. Neno lile lile, na sikuwa nadanganya mara zote mbili.

Sasa hili swali la mama ndilo watafiti wa uchumi na saikolojia wanabishana nalo miaka hamsini na kitu, kwamba mtu anaridhika na maisha yake kwa sababu ya pesa au kwa sababu ya muda wa kupumua, na kimoja kikikosekana kingine kinasaidia au la. Nimesoma soma mambo yao na naona kuna sehemu wamefika mbali sana, kuna sehemu Kiswahili kilikuwa kimewatangulia, maana sisi tuna "muda" na tuna "nafasi" na si kitu kimoja.

Kwanza, inapimwaje? Watu wengi wakisikia utafiti wa furaha wanacheka, nani anaweza kupima furaha kwa rula. Njia kubwa ziko mbili na ukizichanganya umepotea. Ya kwanza wanakwambia fikiria ngazi, chini kabisa sifuri, juu kabisa kumi, juu ni maisha mazuri kuliko yote ambayo wewe ungeweza kuyapata na chini ni mabaya kuliko yote, leo umesimama kidato cha ngapi? Ngazi hio ni ya Mmarekani anaitwa Hadley Cantril, aliitoa 1965, na mpaka leo ndiyo inatumika kupanga ile orodha ya nchi zenye furaha ambayo Ufini imekuwa ikiongoza tangu 2018. Njia ya pili hawakuulizi maisha, wanakuuliza jana. Jana ulicheka? Ulikuwa na wasiwasi? Ulikasirika? Wengine wanakutumia meseji katikati ya siku, unajisikiaje dakika hii.

Mama ukimuuliza ngazi atakwambia nne, labda tano akikuheshimu. Ukimuuliza jana atakwambia alicheka mpaka mbavu zikauma kwenye mkutano wa kikundi chao cha akiba. Majibu yote ni ya kweli. Ngazi inauliza hukumu, jana inauliza hali, na pesa inagusa hivi viwili tofauti, ndio maana ukikutana na mtu anakwambia "utafiti umeonyesha pesa haileti furaha" muulize furaha ipi.

Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton, mmoja alipata Nobel ya uchumi 2002 na mwingine akaja kuipata 2015, walichukua majibu kama 450,000 ya Wamarekani yaliyokusanywa 2008 na 2009. Wakaona kwenye ngazi, pesa ikipanda watu wanapanda, hakuna mahali wanaposimama. Lakini kwenye ile ya jana, kucheka na wasiwasi na kadhalika, mstari ulipanda mpaka kipato cha nyumba kama dola 75,000 kwa mwaka alafu ukalala. Hio namba ilizunguka dunia nzima, ikaingia mpaka kwenye mahubiri. Tuseme dola ni shilingi 3,700 za Uganda, hio ni zaidi ya milioni 270 kwa mwaka, milioni ishirini na kitu kwa mwezi, kwa hivyo ndugu yangu wa mtaa wa Bwaise hapa Kampala unayejifariji kwamba pesa haileti furaha, hata kwa hesabu yao ya zamani wewe na mimi bado tuko chini kabisa ya mlima.

Na ile ya kulala ilikuja kutikiswa. Matthew Killingsworth alitoa kazi yake 2021, yeye alitumia simu, watu zaidi ya 33,000 wenye ajira Marekani wakajibu mara zaidi ya milioni 1.7 walivyokuwa wanajisikia dakika ile ile, na mstari wake haukulala popote, uliendelea kupanda. Kilichonifurahisha ni kilichofuata. Badala ya kutukanana, Killingsworth na Kahneman walikaa meza moja wakamweka Barbara Mellers kama refa, wakachambua upya data, na 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa watu wengi pesa inaendelea kusaidia, ila kwa wale wenye huzuni kuliko wengine, kama mmoja kati ya watano, inasaidia mpaka kwenye dola 100,000 hivi alafu inaishia hapo. Mtu akiwa na msiba moyoni, au ndoa iliyokufa, au ugonjwa wa mawazo, pesa inamwondolea shida za pesa tu.

Kuna kitu cha hesabu hapa ambacho lazima nikieleze vizuri kidogo kwa sababu ndicho kinachowachanganya watu. Huo mstari unapanda kwa kuzidisha, hauendi kwa kujumlisha. Tuseme mtu anapata shilingi 300,000 kwa mwezi, akifika 600,000 amepanda kidato kimoja cha kufikirika. Ili apande kingine cha ukubwa ule ule hatahitaji 300,000 nyingine, atahitaji kufika milioni 1.2, alafu milioni 2.4, alafu 4.8. Kila kidato kinataka mara mbili ya pale ulipo. Kwa hivyo ile 300,000 ya kwanza ni ada ya mtoto, ni dawa ya presha ya mzee, ni kuacha kumkwepa mwenye nyumba kila tarehe moja, lakini 300,000 hio hio ukimpa mtu wa milioni tano ni mafuta ya gari ya wikendi, anasema asante anasahau. Na ndio maana pesa zile zile zinaweza kuwa kila kitu kwa mtu mmoja na karibu bure kwa mwingine, na wote wawili wakaapa kwamba wao ndio wanaijua pesa.

Alafu kuna jirani. Mwaka 1974 Richard Easterlin alitoa kitu ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake: ndani ya nchi moja matajiri wanasema wana furaha kuliko maskini, lakini nchi nzima ikitajirika miaka na miaka wastani wa furaha haupandi kama ulivyotegemea. Maelezo yake makubwa ni kwamba tunajipima kwa wenzetu. Wengine wamempinga, Betsey Stevenson na Justin Wolfers walisema 2008 kwamba ukiangalia nchi nyingi zaidi ukuaji wa pesa unaenda pamoja na kuridhika, na mimi naona wana hoja. Lakini hio habari ya jirani ni kweli tupu na ushahidi wake hauko mbali na sisi. Rarieda, kule Siaya nchini Kenya kando ya ziwa, shirika la GiveDirectly liligawa pesa za bure kwa baadhi ya nyumba maskini, watafiti wakiongozwa na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia. Waliopata waliridhika na maisha zaidi, hakuna cha kushangaza. Ila waliokosa, kadri majirani zao walivyozidi kuinuka, kuridhika kwao kulishuka, na shamba lao ni lile lile na kuku ni wale wale. Baada ya muda maumivu hayo yalipungua, watu wakazoea bati za jirani.

Haya, pesa tumeiona. Muda sasa.

Kazi inayotajwa sana ni ya Marissa Sharif, Cassie Mogilner Holmes na Hal Hershfield, ilitoka 2021. Walichukua Wamarekani 21,736 ambao 2012 na 2013 waliandika walichofanya saa 24 zilizopita, wakahesabu saa zao za bure, wakalinganisha na walivyojisikia. Saa za bure zikiongezeka kutoka sifuri watu wanajisikia vizuri, mpaka kwenye saa mbili hivi, hapo panatulia, na zikizidi saa tano panaanza kushuka. Yaani muda mchache unakuua kwa stresi na muda mwingi unakuua kwa kujiona huna maana. Kwenye majaribio mengine wakawaambia watu wajifikirie wana dakika 15 za bure kwa siku, au saa tatu na nusu, au saa saba, na wale wa saa saba walijiona vibaya kuliko wa tatu na nusu kwa sababu walihisi hawazalishi kitu. Ila ukiwaambia saa hizo saba wanazitumia kwa kitu chenye faida kwao, mchezo au kujifunza kitu, ile hali mbaya inapotea.

Watu walichukua hio wakaandika "saa mbili kwa siku ndizo dawa". Hapana bana. Kwanza ni Marekani, pili ni wastani, na wastani ni mnyama hatari, ukiweka mguu mmoja kwenye sigiri na mwingine kwenye barafu kwa wastani uko sawa. Swali ambalo linabaki ni nani hao wenye zaidi ya saa tano za bure. Kuna mstaafu mwenye pensheni na kuna kijana aliyefukuzwa kazi, wote wameandika "saa sita za bure", na saa hizo hazifanani hata kidogo.

Hili lilijulikana zamani. Kuna kijiji Austria kinaitwa Marienthal, kusini ya Vienna, kiliishi kwa kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa kati ya 1929 na 1930 na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel na timu yao wakaenda kuwachunguza na 1933 wakatoa matokeo. Walitegemea nini? Watu wana muda sasa, si watasoma, si watafanya siasa. Maktaba ya kijiji ilikuwa inakopesha vitabu bure kabisa na bado watu walikopa vitabu vichache kuliko walipokuwa wanafanya kazi. Watafiti walikaa dirishani na saa mkononi wakapima watu wanavyotembea barabarani, wakaona wanaume wanajikokota, wanasimama, wanaegemea ukuta, wanatembea tena. Wakiulizwa asubuhi walifanya nini hawakumbuki, kati ya chai na chakula cha mchana hakuna kitu. Walikuwa na muda mpaka ukawaoza mikononi.

Lakini ona hili. Wanawake wa kijiji kile kile walitembea haraka mara moja na nusu kuliko wanaume. Kiwanda kilifungwa kwao pia, mshahara wao pia ulikatika, ila jiko halikufungwa, watoto hawakufungwa, nguo za kufua hazikufungwa. Umaskini mmoja, nyumba moja, mume hajui aupeleke wapi muda na mke hana hata wa kukaa chini.

Mimi Marienthal yangu ilikuwa 2020. Mwisho wa Machi usafiri wa umma ukasimamishwa, boda zikakatazwa kubeba watu, Nasser Road ikawa kimya unasikia hatua zako. Nilikuwa nakaa Kireka kwenye chumba kimoja. Wiki mbili za kwanza sitawadanganya, nilifurahi, nililala, niliangalia filamu mpaka bando likaisha. Wiki ya tatu nikaanza kuamka usiku. Kwa saa za bure nilikuwa tajiri kuliko mfalme, na kila saa ilikuwa na swali ndani yake, kodi inatoka wapi, nani nimkope. Serikali ilikuja kugawa posho, yaani unga wa mahindi, na maharage kwa watu wa Kampala na Wakiso, na namkumbuka jirani yangu mwalimu wa shule ya binafsi, shule zilifungwa Machi ile na hazikufunguka zote mpaka Januari 2022, huyo mzee aliishia kuuza mkaa na siku moja akaniambia huu si mapumziko huu ni usubirifu. Sijawahi kusikia mtu ameielezea vizuri zaidi. Kupumzika kuna mwisho unaoujua, ndio kunakuwa kupumzika, ukijua Jumatatu unarudi na pesa ya wiki ipo. Kukaa tu hakuna mwisho.

Kwa hivyo ninavyoona, saa inakuwa ya bure kweli ikiwa haidaiwi. Ndio nafasi hio. Yule wa Marienthal anayeegemea ukuta alikuwa na muda bila nafasi, na mke wake alikosa vyote viwili.

Huyo mke tumwangalie tena maana yuko Uganda nzima. Kuna mchumi, Claire Vickery, alisema 1977 kwamba mstari wa umaskini ukiuchora kwa pesa peke yake utawakosa watu wengi, kwa sababu nyumba inahitaji pesa na inahitaji saa za kupika, kufua, kulea, na mwenye watoto watatu peke yake anaweza kuwa na pesa juu ya mstari na saa chini ya mstari. Yeye alikuwa anaongea kuhusu Marekani ambako maji yanatoka ukutani. Huku maji yanatoka kisimani, kwenye jerikani la lita 20, foleni kwanza, alafu kuni, alafu shamba kabla ya jua, alafu maharage yanachemka saa tatu, na yote hayo ukimuuliza mume wake mkewe anafanya kazi gani atakwambia "yuko nyumbani tu". Shirika la takwimu la Uganda, UBOS, lilifanya uchunguzi wa matumizi ya muda 2017/18 na wanawake walionekana wanabeba zaidi kazi hizi zisizolipwa. Sidhani kuna mwanamke alishtuka.

Sasa je, ukimpa huyo mama muda badala ya pesa? Swali hili Ashley Whillans na Colin West walilifanyia jaribio Kibera, Nairobi, matokeo yakatoka 2022. Kina mama wanaofanya kazi, zaidi ya 1,000, kwa wiki sita, wengine walipewa vocha za huduma za kuwapunguzia kazi za nyumbani, wengine walipewa pesa taslimu ya thamani ile ile, wengine walikuwa wa kulinganisha tu. Vocha ziliwasaidia, stresi ilipungua na hali yao ikawa bora. Na pesa pia, kiasi kile kile karibu. Hakuna aliyeshinda.

Mimi hayo matokeo ndiyo nayapenda kuliko yote kwa sababu Whillans huyo huyo 2017, pamoja na wenzake, alikuwa ameonyesha kitu cha kupendeza zaidi: watu zaidi ya 6,000 wa Marekani, Kanada, Denmark na Uholanzi, wale wanaotumia pesa kununua muda, yaani kumlipa mtu afue au akate nyasi, walikuwa wanaridhika na maisha zaidi. Huko Vancouver, Kanada, waliwapa wafanyakazi 60 dola 40 wikendi moja wanunue kitu, na dola 40 wikendi nyingine wanunue muda, na wikendi ya muda ilishinda. Ajabu ni kwamba walipowauliza matajiri wa Uholanzi zaidi ya 800, mamilionea, karibu nusu hawatumii hata senti kununua muda. Pesa wanayo, muda hawana, duka liko wazi, na hawaingii.

Kwa nini Vancouver muda ulishinda na Kibera ukatoka sare? Hapa naongea mimi, si watafiti. Vancouver mtu ana pesa ya kula tayari, kilichobana ni saa. Kibera vyote viwili vimebana kwa pamoja, ukilegeza upande wowote mtu anapumua. Na pesa kwa maskini inageuka muda haraka sana, ukimpa shilingi chache analipa mtu wa jerikani, anapanda boda badala ya kutembea, ananunua mkaa badala ya kwenda kuni. Ila kuna kitu hakisemwi kwenye hizo karatasi: kila saa unayonunua kuna mtu ameiuza. Mimi siku za kampeni nilikuwa nampa msichana wa jirani anifulie, nikapata Jumapili yangu, na Jumapili yake iliishia kwenye beseni langu. Alifurahi kupata pesa hio, nina hakika, mimi pia nilifurahi kulala. Lakini yeye ananunua saa ya nani?

Sasa wale wanaosema ukimpa maskini pesa atakaa tu. Kaskazini ya Uganda, mradi wa serikali wa vijana, YOP, 2008, vijana walijiunga vikundi wakaandika maombi ya kuanzisha kazi za mikono, ushonaji, useremala, chuma, saluni, waliopata wakachaguliwa kwa bahati nasibu, kama dola 400 hivi kwa kila kijana, bila mtu wa kuwasimamia. Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuata. Baada ya miaka minne waliopata walikuwa wanaingiza asilimia 38 zaidi ya waliokosa, na saa zao za kazi zilikuwa zimepanda asilimia 17. Walipewa pesa wakapunguza muda wao wa bure! Tena kwa hiari yao. Kwa sababu muda ule wa kwanza ulikuwa wa ukutani kama wa Marienthal, walikuwa wanasubiri mtu aje awape cherehani. Baada ya miaka tisa waliokosa walikuja kuwafikia kwenye kipato, ila mali kidogo ya kazi waliyonunua wale wa kwanza bado ilikuwepo.

Nikiwa hapo kwenye kazi za kujiajiri, wacha nimseme mtu wa boda, neno lenyewe limezaliwa kwetu mpakani, border to border, Busia na Malaba. Watu wanasema boda ni raha kwa sababu huna bosi, unaenda ukitaka. Muulize ambaye pikipiki si yake. Tuseme analipa hesabu, yaani pesa ya mwenye pikipiki, 15,000 kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe, basi kila asubuhi anaanza siku akiwa anadaiwa saa kadhaa, na mpaka azimalize hapo hajafanya kazi yake mwenyewe. Siku mbaya anaendesha mpaka saa sita usiku. Ukimkuta amelala juu ya pikipiki saa nne asubuhi pale steji usiseme ana muda wa bure, anasubiri abiria, saa hio inamgharimu. Yule ambaye amemaliza mkopo wa pikipiki, kipato chake kwenye karatasi kinaweza kuwa karibu sawa na mwenzake, lakini mchana anaenda nyumbani kula, na kwenye ngazi ya Cantril mimi nakuapia wanatofautiana vidato viwili.

Na wenye mishahara? Sheria ya ajira ya 2006 inasema saa 48 kwa wiki, na likizo yenye malipo siku saba kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara nchi hii kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijawahi kubadilishwa, bunge lilipitisha muswada mpya 2019 na rais hakuusaini. Leo 6,000 ni rolex mbili tatu, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Kwa hivyo sheria inalinda saa zako vizuri na haina neno kuhusu pesa ya kuzifanya saa hizo ziwe za kupumzika, na matokeo yake mtu anatoka kazi ya kwanza saa kumi na moja anaingia ya pili saa kumi na mbili, likizo yake anaenda kuuza nyanya.

Alafu barabara inakula iliyobaki. Mwaka 2004 Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wa Texas jana yao saa kwa saa, na safari ya asubuhi kwenda kazini ndiyo ilikuwa na hali mbaya kuliko vyote, chini ya kazi yenyewe. Alois Stutzer na Bruno Frey waliangalia Ujerumani wakaona kitu ambacho kinafaa kubandikwa pale Nakawa kwenye taa: watu wanaokubali safari ndefu kwa ajili ya mshahara mzuri au nyumba ya bei rahisi, kwa wastani ile faida haiwarudishii kile safari inachowatoa. Tunapiga hesabu ya kodi, tunapiga hesabu ya mshahara, saa tatu za jamu kwa siku tunaziandika sifuri. Mimi nilitoka chumba cha Kireka nikahamia Mukono, mbali zaidi na mjini, kwa sababu ya kodi, nikajenga kabisa kichwani kwamba nimeokoa 150,000. Nilikaa miezi saba. Nikarudi Kireka kwenye chumba kidogo zaidi na cha bei kubwa zaidi, na sijui kama nilipanda ngazi, najua tu kwamba jioni nilianza kukutana na watu tena kabla hawajalala.

Rudi kwa mama. Baada ya kutafakari haya yote nikasema basi, mwezi huu pesa kidogo ipo na kazi ipo, mimi siwezi kutoka, nikamtumia nauli kwa simu aje yeye, akae wiki moja, apumzike, asichote maji. Akapokea, akashukuru sana, akaniombea. Alafu akasema haji mwezi huu, maharage yamekauka shambani na mvua ikirudi yataota kwenye maganda, na wajukuu wake, watoto wa dada yangu, nani atawapikia wakitoka shule.

"Nafasi ya nauli sasa ninayo," akasema, akacheka.

Nauli aliitumia kulipa watu wawili wa kuvuna. Wakamaliza siku mbili badala ya sita, akapata Alhamisi nzima ya kwenda kwenye kikundi.